Mkasi, Tepu na Leso: Majibu kwa Wanaojishonea Nyumbani

Barua za safari hii zimetoka visiwani Lamu, Pate na Manda, na ng'ambo ya bara, Mokowe. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu akijishonea, pesa zinabaki kweli? Palipo na hesabu na vipimo tumekaa zaidi, na palipohitaji maneno machache tumepita. Vipimo ni vya sentimita pale tusipotaja kingine.

SWALI: Assalaam aleikum. Nimeachiwa cherehani ya miguu, nzima, ila haijaguswa kwa muda mrefu. Nikipita madukani naona madera ya tayari bei yake iko chini kuliko mita tatu za kitambaa. Sasa nikijishonea nitaokoa nini?
Mama wa watoto wanne, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Umeona sawa, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua kitambaa. Dera jepesi la dukani limekatwa kiwandani, tabaka nyingi kwa mpigo mmoja, na kitambaa chake kimenunuliwa kwa marobota. Kwa bei hutalishinda. Hali kadhalika fulana, nguo za ndani na jinzi: usipoteze nguvu zako huko.

Akiba ipo kwenye nguo ambazo gharama yake kubwa ni ujira wa fundi, wala si kitambaa. Hizo ni sare za shule, mapazia, foronya, nguo za watoto wadogo, nguo za Idi na za arusi, na nguo za mtu ambaye saizi za dukani hazimwelekei: mrefu mno, au mwenye kifua kipana na nyonga nyembamba. Na zaidi ya hizo zote ni marekebisho. Kubadilisha zipu, kupunguza kiuno, kuteremsha pindo na kutia kiraka mapema ni kazi zinazokula uzi kidogo sana, na zinairudisha kazini nguo ambayo ingeishia kuwa tambara la kufutia.

Anza na foronya, kwa sababu zina mishono iliyonyooka tu na kosa lake halionekani. Mto wa 50 kwa 75 unataka kipande kimoja chenye upana wa 53 na urefu wa 174: yaani 75 mara mbili, 18 za kifuniko kinachoingia ndani kuuzuia mto, na 3 za kupinda kila mwisho. Kitambaa cha upana wa 114 hutoa vipande viwili ubavu kwa ubavu. Foronya nne basi ni mita 3.5 kasoro kidogo, lakini pamba hurudi ikifuliwa, kwa hiyo nunua mita 3.7. Tuseme mita ni shilingi 200: kitambaa 740, uzi 40, jumla 780, sawa na shilingi 195 kwa foronya. Weka hapo bei ya dukani kwako uone. Hesabu hii ifanye kila mara kabla ya kukata, na uitie zipu, vifungo, lastiki, hata nauli ya boti ikiwa ulivuka kwenda kununua. Kuna nguo utakazoshona kwa kuwa unazipenda, na hilo si kosa, ila usiziandike kwenye daftari la akiba.

SWALI: Nilikata dera kwa doti moja ya leso. Likatoka fupi, limeishia kwenye shavu la mguu, na shingo ikawa pana hata linateremka begani. Kosa liko wapi?
Dada wa Shela

JIBU: Dada, makosa ni mawili, na yote yalifanyika kabla hujakaa kwenye cherehani.

La ufupi kwanza. Leso moja ina takriban 150 kwa 110. Bila shaka uliilaza ili pindo refu na jina vikae chini kwenye miguu, maana ndivyo inavyopendeza machoni. Lakini hapo urefu wako ni zile 110. Pamba ikirudi kwa asilimia 4 zinabaki kama 105, toa 1.5 za mshono wa bega na 3 za kupinda chini, umebaki na 101. Mwanamke wa kimo cha 160 ana takriban 135 kutoka bega hadi sakafuni. Ndiyo sababu liliishia kwenye shavu la mguu.

Zisimamishe leso zote mbili kwa urefu, moja mbele na moja nyuma. 150 ikirudi ni 144, toa 4.5, una 139 na nusu, na hilo dera linafika chini na linabaki la kukunja. Jina litasimama ubavuni badala ya kulala, na hilo lazima ulikubali. Lakini hakikisha ya mbele na ya nyuma yanasimama upande mmoja, na kwamba mji wa leso, yaani ile picha ya katikati, haupinduki kichwa chini kipande kimoja. Kama mji una mti, jahazi au birika, laza vipande viwili sakafuni, usimame mbali utazame, ndipo uguse mkasi. Anayetaka kabisa pindo na jina chini hana budi kuongeza kipande cha kifuani, takriban 35 kwenda chini, kutoka kitambaa cha rangi moja kinachooana na leso.

Kabla ya yote hayo, loweka doti nzima kwenye maji baridi usiku mmoja, ianike kivulini, ipige pasi ikiwa bado na unyevu, kisha ndipo upime. Ukipima leso mpya yenye wanga wake wa dukani unapima kitambaa ambacho hutakuwa nacho baada ya kufua mara moja.

Sasa shingo. Tundu la shingo hukua likishonwa, na hapa ndipo wanaoanza wengi huharibu. Ukishona 1 ndani ya ukingo, tundu linapanuka kwa 1 kila upande, na mzunguko wake unaongezeka kwa kama 6. Kwa hiyo unganisha mabega kwanza kwa mshono wa 1.5, tafuta katikati, kisha chora: 9 kulia na 9 kushoto, 13 kwenda chini mbele, na 2 tu nyuma. Kata. Litaonekana dogo, halipiti kichwani, na moyo utakuambia uongeze. Usiongeze. Likishamalizwa litakuwa na mzunguko wa kama 58, ambao kichwa cha kawaida kinapita. Kama kichwa chako ni kikubwa, kipime kwa tepu juu ya masikio. Kikizidi 57 tia mpasuo wa 8 katikati mbele na kifungo juu yake, usipanue mabegani. Dera huanguka begani kwa sababu ya upana. Kina cha mbele hakiliangushi.

Kumalizia shingo, kata mkanda wa kitambaa chepesi cha pamba kwa hanamu, upana 3.5, urefu 65. Hanamu maana yake ni kukunja kitambaa mpaka nyuzi za urefu zilale juu ya nyuzi za upana, na kukata kwenye mkunjo huo. Mkanda uliokatwa hivyo unanyumbulika na kuufuata mviringo. Uliokatwa wima hukunjamana, na shingo nzima inasimama kama kola isiyotakiwa. Laza mkanda uso kwa uso na dera, shona 1 kutoka ukingoni, kisha chanja ile akiba ya mshono, yaani ukingo unaobaki nje ya uzi, kwa ncha ya mkasi kila baada ya 1.5, bila kuugusa uzi. Geuza mkanda uingie ndani, piga pasi, kunja ukingo wake, shona. Asiyechanja hupata shingo inayovuta na kujikunja, na pasi haiwezi kuitibu.

Mabavu: acha 28 kutoka begani kwa ajili ya mkono, kisha shona mpaka chini. Pale mkono unapoishia rudisha mshono mbele na nyuma mara tatu, kwa sababu hapo ndipo dera linapopasuka mtu akiinua mkono kutundika nguo. Ukiliona pana mno, chora mstari ndani zaidi, lakini uanzie chini ya mkono, usiusogeze mkono wenyewe.

SWALI: Nina wavulana wawili na msichana mmoja shule ya msingi. Kila mwaka nanunua sare upya. Nikishona mwenyewe, nishone vipi zidumu zaidi ya mwaka?
Mama, Mokowe

JIBU: Hapa, mama, ndipo cherehani inapojilipa. Fikiria mambo mawili tofauti, ukuaji na mchaniko.

Mtoto wa shule ya msingi hurefuka kwa kawaida 5 au 6 kwa mwaka, na sehemu tu ya hizo ndiyo inayohusu nguo moja. Gauni la msichana lipe pindo la 8. Kaptula ipe pindo la 7, na akiba ya mshono ya mabavu na ya nyuma iwe 2.5 badala ya 1.5, ili uweze kufungua kiuno baadaye. Usiikate akiba hiyo hata ikionekana nzito. Zungushia uzi kingoni kwa zigizaga au kwa mkono isichanuke. Kiuno cha kaptula kitie lastiki nyuma peke yake, ya upana wa 2.5, iliyopungua kama thuluthi moja kwa urefu wa kitambaa cha nyuma. Mbele kunabaki laini na nadhifu, na nyuma kunapumua mtoto akinenepa.

Ukiteremsha pindo baada ya mwaka utaukuta mstari. Kitambaa cha nje kimepauka kwa jua na sabuni, kilichokuwa ndani bado kina rangi yake, na mkunjo wenyewe umelika. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukipiga pasi juu yake kwa kitambaa kilicholowa, husaidia kulainisha alama ya mkunjo. Rangi hairudishi. Afadhali upitishe mishono miwili inayokwenda sambamba juu ya mstari ule, kwa uzi wa rangi ya sare, ionekane ni urembo uliokusudiwa. Au kwenye gauni uweke utepe kama shule inaruhusu.

Mchaniko, kwa wavulana, uko msambani. Shona kwanza mshono wa ndani wa kila mguu peke yake. Kisha ingiza mguu mmoja ndani ya mwingine, uso kwa uso, na ushone msamba wote kwa mpigo mmoja, kutoka kiunoni mbele hadi kiunoni nyuma. Rudia mshono wa pili juu ya ule wa kwanza kwenye sehemu ya mviringo, kwa hatua fupi ya milimita 2 na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba pekee hauna mnyumbuko wa kutosha kwa mtoto anayechuchumaa na kupanda punda. Tazama pia mviringo wenyewe: ukikatwa mfupi mno nyuma, kaptula itavuta kila akikaa na itachanika tu, hata uishone mara nne. Pima kaptula yake inayomkaa vizuri, kutoka kiunoni mbele kupitia msambani hadi kiunoni nyuma, na uufuate urefu huo. Ncha za mifuko nazo zirudishie mshono mara nne tano. Mvulana huning'iniza mkono mfukoni siku nzima.

Kwa watoto watatu, nunua kitambaa cha rangi moja kwa pamoja na ulaze vipande vyote sakafuni kabla ya kukata hata kimoja. Vidogo vinaingia kwenye mapengo ya vikubwa, kola kando ya mguu wa kaptula, mfuko chini ya kwapa. Ila usikipinde kipande pembeni ili kienee. Nyuzi za urefu lazima zishuke wima katikati ya mguu. Zikienda upande, mguu wa kaptula hujisokota ukifuliwa na mshono wa pembeni unahamia mbele ya goti.

SWALI: Uzi unafanya mafundo na vitanzi chini ya kitambaa. Nimeikaza skrubu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mpaka mwisho na haisaidii.
Kijana anayejifunza, Mkomani

JIBU: Bwana mdogo, irudishe hiyo skrubu ilipokuwa. Vitanzi vikiwa chini, tatizo karibu kila mara liko juu.

Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vinavyoubana. Visahani hivyo hufunguka mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, ukiwa umeinuliwa, na hufunga ukiwa chini. Ukitunga uzi na mguu ukiwa chini, uzi hukaa nje ya visahani, haubanwi na kitu, na bobini huvuta rundo zima chini. Kwa hiyo vuta uzi wote utoke, inua mguu, tunga upya tangu kwenye kijiti, kisha teremsha mguu na uvute uzi kwa mkono. Unapaswa kuhisi ukinzani. Usipouhisi, kuna uchafu au kutu katikati ya visahani. Pitisha kipande cha kitambaa kikavu mara kadhaa.

Halafu sindano. Ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingia tunduni kutokea upande huo wa mfereji. Ukiigeuza, mishono itarukaruka au isishike kabisa. Isukume mpaka juu ndipo ukaze. Namba zake: 70/10 kwa kitambaa chepesi cha buibui na cha mtandio, 80/12 kwa leso na pamba ya kawaida, 90/14 kwa kaki na sare, 100/16 kwa jinzi. Ibadilishe baada ya kama saa nane za kushona, au mara tu usikiapo inatoa mlio wa kutoboa karatasi. Hapa kwetu upepo wa bahari unaitia kutu hata ikiwa imekaa tu, kwa hiyo zifunge akiba zako kwenye kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani.

Ukishafanya hayo tia uzi mwekundu juu na mweupe chini, shona kwenye kipande cha kitambaa kile kile utakachotumia. Ukiona nukta nyekundu chini, kaza juu kidogo. Ukiona nyeupe juu, legeza. Kile kikombe cha chuma kinachobeba bobini kiguse mwisho wa yote: kining'inize kwa uzi wake, kisianguke chenyewe, na ukitikisa mkono kishuke kidogo na kusimama. Kikifanya hivyo kiache.

Mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia na ya nazi huganda na kunata yakishika vumbi, na mashine iliyotiwa mafuta ya namna hiyo huwa nzito mguuni hata mtu akadhani mkanda umelegea.

SWALI: Nilihesabu mita 3 za gauni langu, nikanunua 3, na mikono haikutoka. Je, muuzaji alinipunja?
Msomaji, Faza

JIBU: Huenda hakukupunja; huenda aliuza kwa yadi. Yadi 3 ni mita 2 na sentimita 74, na hizo 26 zilizopungua ndizo mikono yako iliyokosekana. Ukiuliza bei uliza pia kipimo, na ukihesabu kwa mita zidisha kwa 1.1 kupata yadi. Uliza na upana. Gauni linalotaka mita 2.5 za kitambaa cha upana wa 150 linaweza kutaka zaidi ya mita 3 upana ukiwa 114, kwa sababu mikono haikai tena kando ya mwili. Kitambaa cha bei ndogo chenye upana mdogo mara nyingi si rahisi kama kinavyoonekana.

SWALI: Nanunua mitumba mizuri lakini mikubwa. Suruali za mume wangu zinamvuka kiunoni, na mashati yake yamechakaa kola tu. Vipi nirekebishe?
Bibi wa nyumba, Lamu mjini

JIBU: Suruali ya kitambaa hupunguzwa kwenye mshono wa nyuma wa katikati. Fumua mkanda wa kiuno sehemu ya nyuma, mvalishe suruali nje ndani, bana kwa pini, chora chaki kutoka kiunoni ukififia kuelekea msambani, shona, kisha kata akiba ibaki 2.5 na urudishe mkanda. Kikomo ni 5. Ukipita hapo mifuko ya nyuma inasogeleana na suruali inakuwa na sura ya kubanwa; zinazozidi zigawe mabavuni. Jinzi usiifumue nyuma, mshono wake umekunjwa mara mbili. Pasua mkanda wake kwa ndani sehemu mbili na upitishe lastiki nyuma.

Kola ni kazi ya kupendeza, na ni pesa tupu. Inachakaa kwenye mkunjo unaogusa shingo, upande wa juu tu, huku upande wa chini ukiwa mpya. Tia alama ya katikati kwenye kola na kwenye ule mkanda wa chini unaoshika kifungo cha juu. Fumua kola peke yake itoke kwenye mkanda huo, igeuze chini juu, ioanishe alama, ishikize kwa mkono na ushone kwenye mstari ule ule wa zamani. Uliochakaa sasa umefichika. Tazama kwanza ncha zake: kola yenye vitundu vya vifungo kwenye ncha, au vijifuko vya vijiti kwa chini, itaonyesha kasoro ikigeuzwa.

Na mashuka yaliyolika katikati yapasue kwa urefu, kingo za nje zije katikati ziunganishwe, na upinde kingo mpya. Mshono wa katikati uwe bapa, usimchome mlalaji: shona 1.5, kata upande mmoja wa akiba ubaki nusu, kunja upande mrefu uufunike ule mfupi, shona tena juu yake.

SWALI: Kitambaa cha buibui kinanitelezea mkasini. Vipande viwili vinatoka havilingani, na mishono inachanuka.
Msichana wa Kizingitini

JIBU: Usikikunje, mwanangu. Tandaza magazeti sakafuni, laza kitambaa tabaka moja juu yake, kibane kwa pini pamoja na karatasi na ukate vyote viwili. Wino wa gazeti huambukiza kitambaa cheupe, kwa cheusi hauna neno. Kipande cha pili kikate kwa kulaza cha kwanza juu yake kikiwa kimegeuzwa.

Mishono yote iwe ya kufichwa: weka vipande mgongo kwa mgongo, shona milimita 6 kutoka ukingoni, punguza akiba ibaki milimita 3, geuza uso kwa uso, piga pasi ya moto mdogo, shona tena milimita 7 hadi 8. Ukingo wote unafungiwa ndani na hauna pa kuchanukia. Ukiona vijuzi vinachungulia nje, hukupunguza akiba ya kwanza vya kutosha. Kwa mtu wa kimo cha kawaida mita 3 za upana wa 150 zinatosha. Likishaisha litundike usiku mzima kabla ya kupinda chini, maana kitambaa kizito hushuka penye ukingo uliokatwa upande, na pindo lililoshonwa siku hiyo hiyo huwa na mawimbi kesho yake.

SWALI: Nikiloweka leso kwa chumvi na siki rangi haitavuja, sivyo?
Msomaji, Matondoni

JIBU: Sivyo, ingawa ushauri huu unapita nyumba kwa nyumba. Chumvi husaidia kusukuma rangi ndani ya pamba wakati wa kutia rangi. Rangi iliyozidi ikishakauka juu ya kitambaa, chumvi haiishiki. Ifue leso peke yake kwa maji baridi, ubadilishe maji mpaka yatoke safi. Usiunganishe leso inayovuja na kitambaa cheupe kwenye nguo moja.

SWALI: Nimeambiwa ng'ambo kuna cherehani ya mkono wa pili. Nitazame nini?
Baba wa Manda

JIBU: Nenda na kipande cha kaki, kipande cha leso na uzi wako. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono: likikwama mahali pale pale kila mzunguko, kuna kitu kimepinda ndani. Shona tabaka mbili za leso, kisha nne za kaki. Inua mguu utazame meno yanayosukuma kitambaa. Yakiwa laini kama yamesuguliwa, kitambaa hakitakwenda sawasawa. Bati la chini ya sindano likiwa na mikwaruzo mingi tunduni, uzi utakatikakatika, ingawa mikwaruzo midogo huondolewa kwa msasa laini. Rangi iliyobanduka na meza iliyopasuka zisikutishe, hizo zitakusaidia kupunguza bei.

Ya miguu inakufaa kuliko ya umeme ikiwa umeme kwako unakatika, na hushona kaki bila kulalamika. Ya umeme ina zigizaga, na kama unanuia kushona vitambaa vya kuvutika utaihitaji pamoja na sindano ya ncha ya duara, kwa kuwa mshono ulionyooka hukatika kitambaa kikivutika.

Ukiivusha, kitoe kichwa mezani, kifunge kwa nailoni kisha kwa blanketi, kikae katikati ya boti na si ubavuni penye mirusho. Ukifika kifute siku hiyo hiyo kwa kitambaa chenye mafuta, kila sehemu ya chuma, hata chini. Na kabla hujaondoka kwa muuzaji, chukua bobini yake mkononi uende nayo dukani ununue nyingine tano zinazolingana nayo kwa kipenyo na unene. Bobini iliyozidi nusu milimita inaingia vizuri tu, halafu inakataa kuzunguka.